Besi Isiyosikika: Mazungumzo juu ya Kurekodi Magitaa Mazito

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa Lituhi, kama alivyoyaandika mwenyewe kwa ajili ya gazeti hili.)



Nilipopokea barua ya Kamati ikinitaka niseme neno, nilidhani nitaombwa kuzungumzia utumishi wa umma, maana ndiyo kazi inayonilisha. Kumbe sivyo. Barua ilieleza kwamba vijana wa bendi ya shule wanataka kurekodi nyimbo zao nne kabla wenzao wa Kidato cha Nne hawajaondoka. Kwamba muziki wanaoupenda ni ule mzito, wa magitaa yanayonguruma. Na kwamba wamekwisha jaribu mara mbili, na mara zote mbili wamepata, kwa maneno yao wenyewe, sauti ya nyuki ndani ya debe. Kamati ilikumbuka kuwa zamani nilipiga gitaa, na kwamba nilipokuwa Chuo Kikuu Dar es Salaam niliwabebea waya na spika watu waliojua kazi hiyo kuliko mimi.

Ndugu zangu, hao nyuki ndani ya debe nawafahamu. Niliwahi kuwafuga. Kwa hiyo kabla sijafika kwenye nyuzi na spika, naomba niwaeleze jambo lililotokea katika shule hii, katika darasa lile la mwisho linaloelekea ziwani.

Mwaka 1998 tulikuwa vijana watano. Tulikuwa na gitaa moja la umeme, besi moja ya kuazima, dramu za kwaya, na amplifaya moja tu yenye matundu mawili ya kuingizia waya. Gitaa langu liliingia tundu la kwanza, besi ya mwenzangu ikaingia tundu la pili, na sauti zetu zote mbili zikatokea kwenye spika ile ile moja. Umeme ulitoka kwenye jenereta. Kinasa sauti chetu kilikuwa redio kaseti yenye maikrofoni yake ndani, nasi tukaiweka juu ya meza ya mwalimu, tukafunga madirisha, tukapiga nyimbo tano.

Mimi nilitaka uzito. Nilikuwa nimesikia kaseti moja ya muziki wa Waingereza iliyotoka Mbeya, nikadhani uzito unapatikana kwa kuzungusha kila kitu mpaka mwisho. Basi nikafungua besi ya amplifaya mpaka mwisho, nikafungua sauti mpaka spika ikaanza kukwaruza, nikaona sasa mambo yameiva. Wenzangu nao walifurahi. Mpigaji wetu wa besi, ambaye wa rika langu mtamkumbuka kwa vidole vyake virefu na kwa tabia yake ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, aliniambia mara moja tu, kwa upole, kwamba hajisikii. Nikamjibu aongeze nguvu.

Mwenzetu huyo alifariki mwaka 2011. Alimwacha mtoto wa kiume ambaye hakuwa hata na miaka miwili. Mtoto amekua, na leo ni mwanafunzi wa shule hii. Mwaka juzi aliletwa kwangu na mama yake. Alikuwa amesikia kwamba baba yake alikuwa mpiga besi hodari, na kwamba mimi ninayo kaseti. Akaniomba amsikie.

Nilikuwa nayo kweli, na nilikuwa sijaisikiliza kwa miaka mingi. Niliihamishia kwenye kompyuta, nikakaa nayo jioni tatu. Niliongeza sauti za chini. Nikapata mngurumo wa jenereta. Nilipunguza sauti za juu. Nikapata gitaa langu limefunikwa blanketi. Besi haikuwamo. Lakini katika wimbo wa tatu kuna mahali ambapo gitaa linanyamaza kwa kipimo kimoja, na hapo zinasikika noti nne za besi. Nne tu, safi, zimekaa pamoja na dramu kama inavyotakiwa. Kisha naingia mimi.

Kijana alizisikiliza mara nyingi, nami nikimrudishia. Halafu akauliza, "Baba mdogo, na huyu mwingine anayenguruma ni nani?" Nikamwambia ni mimi.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Sauti ni mtetemo, hilo mmesoma katika Fizikia. Uzi mnene wa gitaa la kawaida ukipigwa wazi hutetema kiasi cha mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi hutetema mara 41, yaani nusu yake kamili, na ndiyo maana noti hizo mbili zinaitwa kwa jina moja nazo zinapatana kama baba na mtoto. Dramu kubwa ya mguu nayo inakaa huko huko chini, kati ya mitetemo 50 na 100 au karibu na hapo. Kwa hiyo huko chini ni kama mtumbwi mdogo: unabeba wawili, besi na dramu. Gitaa likijitia humo kama wa tatu, mtumbwi hauendi mbali zaidi kwa kuwa una watu wengi. Unazama.

Hili ndilo linalowashinda vijana wengi, nalo lilinishinda mimi. Ukipiga gitaa peke yako bwenini, unapenda sauti za chini ziwe nyingi, za juu ziwe nyingi, na za kati uziondoe, kwa kuwa ukiwa peke yako zinapendeza mno, kama simba. Ukiingia na bendi, chini unagombana na besi, juu unagombana na matoazi, na kule kati, ambako ndiko nyumbani kwa gitaa, hakuna mtu. Hapo ndipo wanapozaliwa nyuki. Dawa yake inauma mpigaji: punguza besi ya gitaa, rudisha sauti za kati, na wakati wa kuchanganya kata kabisa chochote cha gitaa kilicho chini ya mitetemo 80 au hata 100. Ukilisikiliza gitaa hilo peke yake utasema limekonda. Lisikilize pamoja na besi, utaona uzito umekuja wenyewe, na hutajua umetoka kwenye chombo gani. Ndiyo siri ya muziki huu. Ule mngurumo mnaousikia kwenye rekodi kubwa na kudhani ni wa gitaa, sehemu yake kubwa ni besi inayopiga kitu kile kile, kwa wakati ule ule, chini yake.

Chukueni Black Sabbath wa Birmingham, ambao wengi huwahesabu kuwa ndio waanzilishi wa muziki mzito. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani, mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17. Naye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kwa kuyeyusha chupa ya plastiki, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zikilegezwa, sauti inashuka. Basi ule uzito ulioigwa dunia nzima ulitokana kwa sehemu na ulemavu wa mfanyakazi wa kiwandani. Lakini msikilizeni na mwenzake wa besi, Geezer Butler: mara nyingi anatembea sambamba na gitaa, hatua kwa hatua. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, ilirekodiwa kwa kama siku moja, wakipiga pamoja kama walivyokuwa wakipiga ukumbini. Hawakuwa na muda wa kuficha kitu.

Wala msidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Dar es Salaam ilikuwa na kundi la Sunburst, lililoanzishwa mwaka 1970, likichanganya roki na midundo ya kwetu. Baadaye lilielekea Zambia, na mwaka 1976 ikatoka albamu yake, Ave Africa. Zambia yenyewe wakati huo ilikuwa na WITCH na wenzao, waliokwaruza magitaa kweli kweli. Kampuni moja ya London, Strut, ilizikusanya rekodi za Sunburst na kuzitoa upya mwaka 2016, zikasikilizwa na watu ambao hawajui Dar es Salaam iko wapi. Na Nairobi wapo vijana wa muziki mzito hadi kupita kiasi: Duma walitoa albamu yao mwaka 2020 kwa kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, na mimi kwa umri wangu nakiri sikuweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Mkuu wa Shule asinitazame hivyo. Sikusema ipigwe wakati wa misa.

Tena kuna jambo lililo karibu zaidi. Nani kati yenu hajaona mganda? Babu zetu wa mwambao huu wa Nyasa waliitoa ngoma ile katika kuiga bendi za jeshi, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanapulizia vibuyu, na kila kibuyu kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Sauti ya mtu ikipita humo, utando unatetemeka na kuikwaruza. Ndilo jambo lile lile analolifanya mpiga gitaa mzito anapoisukuma amplifaya kupita uwezo wake: kilele cha kila wimbi kinakatwa, na katika kukatwa kwake zinazaliwa sauti nyingine nyingi za juu ambazo hazikuwamo kwenye uzi. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks, Uingereza, aliichana spika yake kwa wembe ili apate mkwaruzo huo. Watu wa huku walikuwa wamekwisha upata kwa buibui, bila kuharibu mali.

Sasa angalieni mganda ulivyopangwa. Vibuyu ni vingi, vikubwa kwa vidogo, vinaimba pamoja. Chini yake ipo ngoma kubwa, na hakuna kibuyu kinachojaribu kuwa ngoma kubwa. Kila kitu kina mahali pake. Wapigaji wa muziki wa dansi nao walijua hivyo hivyo. Sikilizeni zile rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa mfano za DDC Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978: gitaa la solo liko juu, gitaa la kati linajaza katikati, na besi ya Suleiman Mwanyiro inazungumza chini bila kukatizwa. Walipiga wote kwa pamoja kwenye chumba kimoja, kwa vifaa ambavyo leo fundi wa mjini angevicheka, na bado kila mmoja anasikika, kwa kuwa walikuwa wamepeana nafasi kabla utepe haujaanza kuzunguka.

Kuhusu mkwaruzo wenyewe, nina neno moja kwa wapiga gitaa, nalo ni kwamba mtie kidogo kuliko mnavyotaka. Mkwaruzo ukizidi, noti zote zinakuwa na nguvu sawa, ule mgongo wa mwanzo wa kila noti unapotea, na kinachobaki ni mfululizo wa "shaaa". Jukwaani hutambui, maana mwili wako unasikia upepo wa spika. Kwenye rekodi upepo haupo. Ukitaka ukuta wa magitaa, piga sehemu ile ile mara mbili, mara ya kwanza iwekwe kushoto, mara ya pili kulia. Piga kweli mara mbili, usinakili. Ukinakili, umeongeza sauti tu. Ukipiga tena, tofauti ndogo ndogo za mikono yako ndizo zinazofanya gitaa lionekane kubwa kuliko chumba. Vibuyu vingi, ndugu zangu. Na kwa kuwa utapiga mara mbili, mkwaruzo wa kila mara unaweza kuwa nusu ya ule wa jukwaani.

Nyuzi ziwe mpya au zilizo karibu na upya. Joto na jasho la huku ziwani huziua upesi. Zilinganishwe upya kabla ya kila jaribio, tena kwa kupigwa kwa nguvu ile ile utakayotumia katika wimbo, maana uzi uliolegezwa ukipigwa kwa hasira sauti yake hupanda kwanza ndipo ishuke. Magitaa mawili na besi yakihitilafiana hata kidogo, hakuna mashine itakayoyapatanisha.

Maikrofoni. Hapa kazi yake ni kubwa kuliko bei yake. Ile aina ya Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, bado inatumiwa mbele ya spika za magitaa ulimwenguni kote, na si ya matajiri. Iwekeni karibu na kitambaa cha spika, upana wa vidole viwili hivi. Ikielekea katikati kabisa ya spika, sauti inakuwa kali, ya kuchoma. Ikisogea kuelekea ukingoni, inakuwa nyeusi na ya mviringo. Tofauti ya upana wa kidole kimoja inasikika. Kwa hiyo msiiweke na kwenda zenu. Mmoja apige, mwingine akae na maikrofoni akiisogeza polepole, wa tatu awe chumba kingine na vifaa vya masikioni, akisema "hapo, rudi, hapo". Nusu saa ya namna hii ni bora kuliko siku tatu za kurekebisha kwenye kompyuta. Na jueni kuwa maikrofoni za aina hii zikikaribia sana spika huongeza besi zenyewe. Msikimbilie kuifurahia besi hiyo, maana ni ile ile inayomfunika mwenzenu.

Mkiwa na maikrofoni mbili mtashawishika kutumia zote mbili kwa spika moja. Ngojeni kwanza. Nendeni pale ufukweni mitumbwi miwili inapopishana, mtazame mawimbi yao yanapokutana: mahali pengine yanainuka maradufu, mahali pengine maji yanatulia kabisa, kana kwamba hakuna mtumbwi uliopita. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni iliyo nyuma kwa sentimeta 34 inapata kila kitu kimechelewa kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Ni kidogo, lakini kinatosha mawimbi kuuana. Mkiona sauti imekonda ghafla baada ya kuongeza maikrofoni ya pili, iondoeni.

Na sasa besi, ambayo ndiyo iliyonileta.

Wimbi la ule uzi mnene wa besi lina urefu wa zaidi ya meta 8. Ni karibu urefu wa darasa. Ndiyo sababu katika darasa ukisimama hapa unaisikia besi inatikisa, ukienda hatua tatu imepotea, na pembeni mwa ukuta imejaa mpaka inaboa. Magodoro ya bwenini mnayoyaegemeza ukutani ni mazuri. Yatanyonya mwangwi wa juu, ule wa kuta tupu na bati. Lakini kwa besi godoro ni kama nyavu kuzuia maji. Kwa hiyo besi msiitegemee chumba. Ipitisheni moja kwa moja kwa waya mpaka kwenye kinasa sauti, kwa kile kisanduku kidogo cha kuunganishia ambacho nimekileta, bila spika wala maikrofoni kati yake. Hiyo ndiyo besi ya chini, safi. Kisha chukueni nakala yake ya pili, ikatwe sauti za chini, itiwe mkwaruzo kidogo, ichanganywe na ya kwanza.

Mtauliza mkwaruzo wa nini kwenye besi. Watu watausikiliza wimbo wenu kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kabisa kutoa mitetemo 41. Hata 100 inaishinda. Lakini sikio la binadamu lina maajabu yake: likisikia zile sauti za juu zinazoambatana na noti ya chini, linaijaza yenyewe ile ya chini ambayo haipo. Besi yenye mkwaruzo kidogo inasikika hata kwenye simu. Besi laini tupu haipo.

Mpiga besi naye ana wajibu wake. Vidole, au kile kijiti cha plastiki, vipige kwa nguvu moja, noti kwa noti, na vikae na dramu ya mguu. Umeme wa nchi yetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na mngurumo wake unakaa karibu kabisa na noti za chini za besi; basi mpigaji asikae karibu na mashine wala simu, na ajigeuze polepole kitini mpaka asikie mngurumo umepungua, abaki akielekea hapo hapo, hata kama ni ukutani.

Msidhani kosa langu la mwaka 1998 ni la washamba. Kundi la Metallica la Marekani lilimpoteza mpiga besi wake, Cliff Burton, katika ajali ya basi huko Sweden, Septemba 1986. Akachukuliwa Jason Newsted. Mwaka 1988 wakatoa albamu ya ...And Justice for All, ikauzwa kwa mamilioni, na besi ya Newsted humo karibu haisikiki. Aliyechanganya sauti alieleza baadaye kuwa aliagizwa aishushe. Mwaka 2018 albamu hiyo ilitolewa tena ikiwa imesafishwa, nao wakaamua mchanganyiko ubaki ulivyokuwa. Wao walikuwa na pesa, na mafundi, na wakati, na utepe ambao kila chombo kilikuwa peke yake. Mimi nilikuwa na redio kaseti. Redio za namna ile zilikuwa na kifaa cha kujirekebisha zenyewe: kishindo kikubwa kikija, zinashusha kila kitu. Kila gitaa langu lilipolia, mashine ilimshusha mwenzangu mara ya pili, baada ya mimi kumshusha mara ya kwanza.

Siku hizi jambo hili lina dawa nyepesi, nayo ni bure. Programu ya Audacity, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, haina malipo, na kompyuta ya maabara yenu inaimudu. Rekodini kila chombo kwenye mstari wake, dramu kwanza, kisha besi, kisha magitaa, kisha waimbaji. Na hata baada ya kuchanganya na kushangilia, msifute ile mistari. Itunzeni kila mmoja peke yake, sehemu mbili tofauti, pamoja na majina ya waliopiga na tarehe, kama tunavyotunza majalada ofisini. Mchanganyiko mtaufanya vibaya, nawahakikishia. Mkiwa na miaka 17 mtaufanya vibaya. Mistari ikiwepo, mtu anaweza kuurudia.

Ndugu Mwenyekiti, naona Baba Paroko anatazama saa, na chakula kimekwisha nukia. Nimalizie utaratibu wa kesho. Tutatumia maktaba, maana vitabu vinasaidia kuvunja mwangwi, na Mwalimu wa Maktaba amekubali, isipokuwa hataki kuona nyayo mezani. Tutaanza saa moja asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kugonga bati. Mvua ikinyesha tunasimama, hakuna la kufanya. Nimeleta maikrofoni mbili, kisanduku cha besi, na seti mbili za nyuzi mpya, moja ya gitaa na moja ya besi.

Yule kijana niliyewaambia yumo kwenye bendi. Hapigi besi, anapiga dramu, tena ana haraka kama baba yake. Mpiga besi ni yule mrefu aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ambaye tangu asubuhi hajasema neno. Wewe, kijana, njoo saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wenzako. Tutaanza na wewe, magitaa yakiwa bado yamo kwenye mifuko yake.